Jishonee pajama za msimu wa joto, na ujipime ukiwa umekaa

Watu wengi wakitaka kujifunza kushona wanakimbilia gauni au shati lenye kola, afu wanakata tamaa kabla hata hawajafika kwenye mikono. Mi nasema kila siku na leo narudia, anza na pajama, na kama joto limeshaanza kukunyima usingizi basi wakati wenyewe ndo huu. Bukta moja yenye lastiki kiunoni na blauzi moja pana ya kuvaa kwa kichwani, basi. Hakuna zipu, hakuna kola, hakuna tundu la kifungo hata moja.

Ila usidhani pajama ni nguo ya kukata kwa kubahatisha. Fikiria, hii ndo nguo unayokaa nayo masaa saba nane mfululizo bila kuirekebisha, huku unageuka, unakunja magoti, unalalia ubavu, unanyoosha mguu mmoja na mwingine umeupandisha mpaka kifuani. Suruali ya kazini ikikubana unaivuta kidogo, unasimama, mambo yanaendelea. Usingizini huvuti kitu. Unaamka asubuhi na alama ya lastiki tumboni, shati limejikunja mpaka kwapani, na usiku kucha umekuwa ukishtuka shtuka bila kujua sababu. Ndo maana mimi nashikilia kitu kimoja, nguo ya kulalia inapimwa ukiwa umekaa na umejikunja, sio ukiwa umesimama wima mbele ya kioo. Ukishalishika hilo, mengine yote yanafuata, kitambaa, lastiki, mishono, hata mahali pa kuweka mpasuo.

Tuanze na kitambaa maana hapa ndo nusu ya kazi.

Ukianza kusinzia joto la ndani ya mwili linashuka, linaendelea kushuka usiku, kama nyuzi moja hivi, na mwili unalishusha kwa kuisukuma damu ya moto ije karibu na ngozi, hasa kwenye mikono na miguu, ili joto litoke nje. Sasa ukiwa umejifunika kitambaa kisichopitisha hewa unakuwa unauzuia mwili usifanye kazi yake. Na jasho vilevile, jasho kutoka peke yake hakupozi mtu, kinachopoza ni lile jasho kukauka, na halikauki likiwa limenaswa kati ya ngozi na nguo. Kwa hiyo unatafuta kitambaa chenye uwezo wa kufanya mambo mawili, kunyonya unyevu na kuacha hewa ipite.

Kwenye kunyonya, tofauti kati ya nyuzi ni kubwa mno. Watu wa viwandani wana kipimo chao, wanachukua uzi mkavu kabisa wanauacha kwenye hewa ya nyuzi joto 20 hivi yenye unyevu wa asilimia 65, wanaangalia umebeba maji kiasi gani ukilinganisha na uzito wake. Pamba inabeba kama asilimia 8, kitani kama 12, rayoni inacheza kwenye 11 mpaka 13. Poliesta? Asilimia 0.4. Soma tena hiyo namba. Ndo maana pajama za poliesta zinazong'aa dukani, hata ziwe nyepesi vipi, saa nane usiku zinakuwa zimekugandia mgongoni.

Na hapo kuna kitu kinawachanganya watu, satini. Satini sio aina ya uzi, ni namna ya kufuma tu, nyuzi zinarukishwa juu ya zenzake ili uso wa kitambaa ulale laini na ung'ae. Kuna satini ya hariri, kuna satini ya pamba, na nyingi sana zilizopo madukani ni za poliesta. Kwa hiyo ukiambiwa "hii satini bwana, inapoa" uliza kwanza imefumwa kwa nini. Vivyo hivyo kitambaa cha mianzi, kile laini laini, karibu chote ni rayoni iliyotengenezwa kwa kuyeyusha nyama ya mianzi kwa kemikali, Marekani hata sheria inawazuia wauzaji kukiita mianzi tu hivi hivi, lazima waandike kuwa ni rayoni. Sisemi ni kibaya, kinanyonya vizuri na kinaanguka vizuri mwilini, nasema tu ujue unachonunua, na ujue kuwa rayoni ikilowa inapoteza nguvu, inataka kuoshwa kwa upole.

Kama una kipande nyumbani na hujui ni cha nini, kata nyuzi chache pembeni, zishike kwa koleo juu ya sinki, ziwashe. Pamba inaungua haraka, inanuka karatasi iliyoungua na inaacha majivu laini ya kijivu ukiyagusa yanasagika. Poliesta inayeyuka, inajikunja, ikipoa inabaki kipunje kigumu cheusi. Rayoni na kitani zinaungua kama pamba kwa hiyo jaribio hili haliwezi kukutenganishia hizo, lakini poliesta, ambayo ni plastiki, utaikamata.

Sasa mimi kwa pajama za joto napenda nini. Cha kwanza pamba nyembamba iliyofumwa wazi wazi, ile ukiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha unaona kivuli cha vidole vyako. Cha pili gozi mbili, yaani vitambaa viwili vyembamba kama vya bandeji vimefumwa pamoja na kushikizwa kwa vishono vidogo vidogo hapa na pale, hewa inakaa katikati, na kadiri unavyokiosha ndo kinavyozidi kuwa laini. Kinafumuka nyuzi pembeni kuliko vingine, ukikate na ukimalizie mapema. Cha tatu ambacho naona watu hawakithamini ni sirisaka, kile chenye mistari ya vikunjo vikunjo. Vile vikunjo sio urembo tu, wakati wa kufuma baadhi ya nyuzi za wima zinaachwa zimelegea na nyingine zinakazwa, zile zilizolegea zinajikunja, matokeo yake kitambaa hakilali chote juu ya ngozi, kinagusa hapa kinaruka pale, hewa inapita chini yake. Na hakihitaji pasi! Kwa nguo ya kulalia hiyo ni zawadi.

Kitani ni kizuri sana, kinapoza kuliko vyote kwa maoni yangu, ila kikiwa kipya kinakwaruza kidogo, kioshe mara kadhaa kabla hujakihukumu.

Na kabla hujatoa hela yoyote, fungua kabati la mashuka. Shuka la pamba lililooshwa miaka na miaka limeshasinyaa lilichosinyaa na limelainika kwa namna ambayo kitambaa kipya hakikupi. Linyanyue kwenye mwanga, katikati mahali mtu analalia patakuwa pamechakaa, hapo usikate, tumia pembeni na sehemu za miguuni. Afu kuna raha moja ya shuka, tayari lina pindo. Ukipanga patani yako (kile kiolezo cha karatasi unachofuata kukata) ili chini ya mguu wa bukta ukae juu ya pindo la shuka, umeshamaliza kazi ya kupinda miguu kabla hujawasha cherehani. Mito nayo hivyo hivyo, foronya mbili kubwa zinatosha bukta ya mtu mdogo.

Kitambaa kipya lazima kioshwe kabla ya kukatwa. Lazima. Pamba inaweza kusinyaa asilimia 3 mpaka 5 na nyingine zinazidi hapo, kwenye urefu wa mita moja hiyo ni sentimita 3 mpaka 5, na sentimita chache kwenye msamba, pale miguu miwili ya bukta inapokutana, ni tofauti kati ya bukta unayoipenda na bukta usiyoweza kukaa nayo. Kioshe vile vile utakavyoiosha nguo yenyewe baadaye, kama utatumia maji ya moto tumia ya moto sasa, kikaushe, kipige pasi. Kama ni rangi nzito weka kitambaa cheupe kisicho na kazi ndani ya maji uone kama kinashika rangi.

Kiasi gani ununue: kitambaa chenye upana wa sentimita 115 au hapo karibu, bukta ya mtu mzima inakula mita moja na nusu, ukitaka suruali ndefu jiandae na mita mbili na nusu. Blauzi pana ya mikono mifupi kama mita moja na nusu tena. Kikiwa na upana wa 150 unapunguza. Kama maua yake yote yanaangalia upande mmoja ongeza kidogo, maana hutaweza kugeuza vipande kichwa chini ili ubane matumizi.

Vipimo sasa, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Chukua futi kamba, pima sehemu pana kuliko zote kwenye makalio. Usivute. Ongeza sentimita 12 mpaka 15 za uhuru. Najua inaonekana nyingi, kwa suruali ya kutoka ungeongeza chache tu, lakini ukiinama au ukijikunja makalio yanatanuka na kitambaa kilichofumwa hakivutiki, lazima uhuru utoke mahali fulani. Afu kiti. Kaa kwenye kiti kigumu, sio kochi, miguu chini, mgongo umenyooka, funga uzi kiunoni pale unapotaka lastiki ikae, mwambie mtu akupimie pembeni kutoka kwenye ule uzi mpaka kwenye kiti. Hicho ndo kina cha msamba. Ongeza sentimita 2 au 3 za nguo ya kulalia. Bado hujainuka, angalia pia mgongoni, uzi umeshuka au umebaki? Ukikaa mgongo unarefuka, ndo maana kipande cha nyuma cha bukta yoyote iliyokatwa vizuri kinapanda juu kuliko cha mbele, kwa sentimita 3 mpaka 5 pale katikati, na mkunjo wake wa msamba ni mrefu zaidi na umeingia zaidi kwenye paja. Ukiona patani ambayo mbele na nyuma ni kipande kile kile, iache, ndo zile zinashuka nyuma kila ukiinama na zinakata mbele.

Njia rahisi ya kupata patani ni kuchukua bukta uliyonayo inayokukaa vizuri. Igeuze, ikunje katikati mguu mmoja ndani ya mwingine, ivute lastiki mpaka kiuno kinyooke kabisa (pini zinasaidia, unaibana juu ya kadibodi ikiwa imenyooshwa), chora mbele, afu kunja upande wa pili chora nyuma. Kwenye pembeni zote ongeza sentimita moja na nusu ya mshono, juu ongeza sentimita 4 na nusu za njia ya lastiki, chini ongeza 3 za pindo. Patani za kuchapisha mtandaoni nazo zipo tele, nyingine bure, hakikisha tu kabla hujachapisha kurasa zote unachapisha ule ukurasa wenye kisanduku cha kupimia, unakipima kwa rula, kama kimeandikwa sentimita 5 kiwe 5 kweli, kisiwe 4.8. Printa zina tabia ya kupunguza ukurasa zenyewe bila kukuuliza.

Kukata. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za wima zinazokwenda sambamba na ule ukingo mgumu wa kiwandani, na mshale uliochorwa kwenye patani lazima ulale sambamba na ukingo huo, pima toka kwenye mshale mpaka ukingoni juu na chini, namba ziwe sawa. Ukipuuza hili mguu wa bukta utajisokota kuzunguka paja baada ya kufuliwa, na hakuna pasi itakayourudisha. Kwenye pamba ya kawaida unaweza kujua mstari ulionyooka kwa kukata kidogo pembeni na kukichana, kinachanika kufuata uzi.

Vipande vinne basi, viwili vya mbele viwili vya nyuma. Tia alama ya nyuma kwa chaki sasa hivi maana vikishachanganyika vinafanana.

Cherehani. Pamba nyembamba inataka sindano nyembamba, namba 70, kitambaa cha kati namba 80. Weka sindano mpya. Sindano butu inavuta nyuzi na kuacha vitundu, na watu wanalaumu cherehani. Urefu wa mshono milimita 2 mpaka 2 na nusu. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, cherehani inafunga uzi wa juu na uzi wa bobini, ule wa chini, vikutane katikati ya kitambaa, kama unaona vinundu vya uzi wa bobini vimetokeza juu basi mkazo wa juu umezidi, legeza kidogo, kama ni chini kuna vitanzi vitanzi mara nyingi uzi wa juu haujaingia vizuri kwenye njia yake, utoe wote uupitishe upya huku mguu wa cherehani umenyanyuliwa.

Mishono ya pembeni na ya ndani ya mapaja mimi nashona kwa mshono wa Kifaransa, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hii ndo inayotenganisha pajama ya kujishonea na ya dukani. Ya dukani ukiigeuza utakuta ovaloki, nyuzi nyingi za sintetiki zimerundikana mstari mmoja, na zinapita pale pale mapajani panaposuguana na panapotoa jasho. Mshono wa Kifaransa unaficha kila kitu ndani. Unaweka vipande viwili migongo ikitazamana, ndiyo, kinyume na ulivyofundishwa, uso uwe nje. Unashona milimita 6 kutoka ukingoni. Unapunguza kwa mkasi mpaka zibaki milimita 3 tu, taratibu, na unakata vile vinyuzi vyote vilivyochomoza maana hata kimoja kikibaki kitatokeza upande wa nje na hakitoki tena. Unafungua, unapiga pasi mshono ulale upande mmoja, afu unageuza kitambaa uso kwa uso, ule mshono sasa upo kwenye mkunjo wenyewe, unausukuma kwa vidole, unaubiringisha kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka mstari ukae ukingoni kabisa, pasi tena. Halafu unashona mara ya pili milimita 9 kutoka kwenye mkunjo. Ukifungua ndani hakuna ukingo mbichi hata mmoja, pitisha kidole, laini. Sita na tisa jumla sentimita moja na nusu, ndo ile uliyoongeza kwenye patani.

Shona hivyo miguu yote miwili, kila mmoja peke yake. Sasa msamba. Mguu mmoja ugeuze uso nje, mwingine uache ndani nje, ule wa kwanza uingize ndani ya wa pili, nyuso zinatazamana, mishono ya mapaja ikutane, bana na pini hapo kwanza, afu bana kwenda juu mbele na kwenda juu nyuma. Unashona mkunjo mmoja mrefu toka kiuno cha mbele, chini, mpaka kiuno cha nyuma. Hapa situmii Kifaransa, pana mkunjo mkali na unene wa mishono miwili ya mapaja inayokutana, nashona mara mbili, mstari wa pili milimita 3 pembeni ya wa kwanza upande wa ukingo, napunguza kilichobaki na kumalizia kwa zigizaga. Mara mbili sio hiari. Hapo ndo panapochanika siku umejigeuza kwa nguvu usingizini.

Ukiitoa unaona ghafla imekuwa bukta, na mimi mpaka leo nafurahi kila nikifika hapo.

Kiuno. Kunja sentimita moja ndani, pasi, kunja tena sentimita 3 na nusu, pasi, shona chini karibu na ukingo, acha mlango wa sentimita 5 nyuma katikati. Lastiki ya upana wa sentimita 2 na nusu inaingia vizuri. Nunua laini, ile ya kusokotwa ngumu inasokota ngozi. Urefu wake watu wengi wanakata kwa kipimo cha kiuno walichosimama nacho wakipunguza sana, ndo alama zile nyekundu. Anza na kiuno chako ukitoa sentimita 5, ichome pini ya nepi kwenye ncha moja, ncha ya pili ishikize kwenye kitambaa isije ikazama, sukuma ile pini ndani ya njia, kunja kitambaa, vuta, kunja, vuta, ukifika kwenye mshono wa pembeni inakwama, rudi nyuma kidogo uielekeze upande ambao mshono umelalia. Zitoe ncha zote mbili nje, zibane pini tu, usishone bado. Ivae. Kaa, kula chakula chako ukiwa umeivaa, lala kitandani, kunja magoti. Lastiki ambayo ukiwa umesimama inaonekana imelegea kidogo, ukiwa umejikunja inakuwa sawasawa kabisa. Ukiridhika ndo unaziweka ncha juu ya mwenzake kwa sentimita 2, unashona kisanduku chenye msalaba katikati. Funga ule mlango, afu nyoosha kiuno kwa mikono mara kadhaa mikunjo igawanyike, shona mstari wa wima juu ya mishono ya pembeni ukipita kwenye lastiki, isije ikajikunja ndani ikifuliwa. Na pale nyuma weka alama, kipande kidogo cha utepe laini, usiku gizani unajua nyuma ni wapi. Lebo ngumu sitaki hata kuiona kwenye nguo ya kulalia.

Pindo la chini unakunja sentimita moja, afu 2, unashona. Kwisha.

Blauzi ni nyepesi zaidi kuielezea. Kifua chako jumlisha sentimita 20 mpaka 25, gawa kwa mbili, huo ndo upana wa mbele na huo huo wa nyuma, ongeza mishono. Mabega yateremke kama sentimita 4 toka shingoni mpaka ukingoni ili yasisimame. Mikono usiikate peke yake, acha bega lirefuke lenyewe lidondoke kwenye mkono, unabakiza tu tundu pana pembeni la kupitishia mkono, kama sentimita 22 mpaka 25 toka begani kwenda chini, hewa inaingia kwapani na hakuna mshono wa kuzunguka kwapa kukusugua. Shingo: kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa sentimita 55 mpaka 60 hivi, kwa hiyo tundu lisilo na kifungo lazima lizidi kidogo kipimo cha kichwa chako. Kata dogo kwanza, jaribu, ongeza nusu sentimita nusu sentimita. Nyuma shingo ishuke kidogo tu, sentimita 2 au 3, mbele ndo iteremke.

Kumalizia shingo tumia utepe uliokatwa mshazari, yaani kwa pembe ya digrii 45 kutoka kwenye ukingo, upana sentimita 3, kwa sababu kitambaa kikikatwa hivyo kinavutika na kitafuata duara bila kukunjamana. Ushone uso kwa uso ukiuvuta kidogo sana, kata vijichano kwenye mkunjo, ugeuze wote ndani, pasi, shona. Ukikata utepe kwa kitambaa kile kile shingo inakuwa laini, tepe za kununua nyingi zina gundi na ukakamavu.

Pembeni chini acha mpasuo wa sentimita 10 mpaka 12 kila upande. Huu mpasuo ni muhimu kuliko unavyofikiri. Ukilala na kukunja magoti hipsi zinasukuma blauzi kwenda juu, ikiwa imefungwa mpaka chini inapanda yote mpaka tumboni na haishuki, ikiwa na mpasuo vile vipande vya mbele na nyuma vinaachana vyenyewe na kila kimoja kinabaki mahali pake.

Watoto. Ukiwashonea watoto kumbuka pamba pana pana inashika moto upesi, na nguo iliyolegea ndo inayoingia kwenye mshumaa au jiko kabla mtu hajaona. Marekani nguo za kulalia za watoto wa zaidi ya miezi 9 kwa sheria ama zistahimili moto ama ziubane mwili kwa vipimo vilivyowekwa. Kwa hiyo za watoto nazikata karibu na mwili zaidi ya zangu, naepuka pamba yenye manyoya manyoya, na usiku hakuna kukaribia moto ukiwa umezivaa.

Kufua ni kama kawaida, ila usitie dawa ya kulainisha nguo. Inapaka nyuzi utando unaopunguza ule uwezo wa kunyonya ulioununulia kitambaa. Zianike upande wa ndani ukiwa nje ili jua lisile rangi. Lastiki itachoka mapema kuliko pamba, baada ya mwaka au zaidi utaona haibani tena, ndo maana nilikwambia mlango uwe nyuma katikati pale kwenye utepe, unafumua zile sentimita 5 na ile mistari miwili ya wima ya pembeni, unatoa ya zamani, unaingiza mpya.